Barua ya Wazi kwa Wakata Miti wa Dar es Salaam: Acheni Kutumia Majina na Picha za Wenzenu

Ndugu zangu wakata miti, wapogoaji na wang'oa visiki wa Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo,

YAH: KUTUMIA JINA, NEMBO NA PICHA ZA KAZI ZISIZO ZENU

 

Nawaandikia hadharani kwa sababu ya maneno yanayozunguka vijiweni tangu kampuni yangu ianze kuwaandikia baadhi yenu barua kupitia wakili, kuwataka waache kutumia jina letu. Inasemwa nina kiburi. Inasemwa nataka kuwafunga watoto wa wenzangu kwa sababu ya picha za simu. Mzee mmoja wa Tegeta, mtu ninayemheshimu sana, aliyekuwa akipanda minazi kabla mimi sijashika panga, alinipigia akaniuliza: "Mdogo wangu, tangu lini wakata miti wakaandikiana barua za mawakili? Si ungekuja tukakaa?"

Swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili. Najua wapo wengi wenye swali hilo hilo, basi nikimjibu yeye nawajibu na ninyi. Sitalitaja hapa jina la kampuni yangu, wala la mtu yeyote niliyemwandikia. Barua hii si tangazo la biashara, na wala sikusudii kumwaibisha mtu.

1. Kilichonifikisha kwa wakili

Katikati ya masika, mama mmoja mstaafu wa Mbezi Beach alinipigia simu asubuhi akiwa amekasirika kwelikweli. Alisema vijana wangu walikuja jana yake kupunguza mwembe wake, wakavunja vigae vya jirani, wakachukua hela yote na kutokomea. Mimi sikuwa na vijana Mbezi siku hiyo. Nikaenda kuona.

Ulikuwa mwembe wa dodo, mkubwa, uliopandwa na marehemu mumewe. Ulikuwa umekatwa kichwa. Matawi makuu yote yamefyekwa usawa mmoja, vimebaki vigutu vinene kama paja, utomvu unachuruzika. Tawi moja zito lilikuwa limekatwa kwa juu moja kwa moja, bila kuanza na mkato wa chini, na lilipoanguka likachuna gome la shina kipande kirefu kabla ya kutua juu ya paa la jirani. Kila mmoja wenu aliyefundishwa kazi hii anajua maana ya kidonda kile. Tawi zito hukatwa mara tatu: mkato wa kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, wa pili kwa juu, mbele ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana, wa tatu ndio unaoondoa kigutu, karibu na shina lakini nje ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, kwa sababu hapo ndipo mti unapojifunga kidonda. Mwembe ule hautajifunga. Utachipua vichipukizi vingi dhaifu kwa hasira, navyo vitakatika kwenye upepo wa miaka ijayo, juu ya paa lile lile.

Mama akanionyesha risiti ya kuandikwa kwa mkono. Juu yake pana nembo yetu, imerudufiwa mara nyingi hadi rangi ya kijani imekuwa weusi mtupu. Jina ni letu. Namba ya simu si yetu. Akafungua simu yake akanionyesha tangazo lililomvuta: picha ya mkungu mkubwa wa Upanga tulioushusha vipande vipande kwa kamba, katikati ya kuta mbili, bila kugusa hata tofali. Picha ile niliipiga kwa simu yangu mwenyewe. Namba yetu iliyokuwa kwenye kona ilikuwa imefunikwa kwa kibandiko chekundu, pembeni imeandikwa nyingine. "Niliona hii picha, mwanangu," mama akasema, "nikajua hawa watu wanajua kazi."

Nawauliza kwa dhati: mama huyu amshtaki nani? Na yule jirani aliyevuliwa vigae masika haijaisha, atamtafuta nani? Jina lililo kwenye risiti ndilo litakalotafutwa kwanza.

2. Jina katika kazi yetu hubeba dhamana

Wapo wanaoniambia kwamba jina ni jina tu, kwamba hata wauza chipsi wanaigana majina na hakuna anayekufa. Chipsi mbaya huisha kwa kuumwa tumbo. Sisi tunapanda juu ya nyumba za watu tukiwa na msumeno wa mnyororo unaozunguka, mara nyingi hatua chache kutoka nyaya za umeme, na chini yetu pana watoto, magari na matangi ya maji.

Kampuni inayofanya kazi hii kihalali hubeba mizigo ambayo mteja haioni. Inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ili kijana akianguka familia yake isibaki kuombaomba. Inafuata masharti ya OSHA: mkanda wa usalama, kofia ngumu, miwani, viatu. Ina leseni ya halmashauri na inatoa risiti ya EFD. Mti ukiwa umegusa laini ya umeme, inasubiri TANESCO waje wazime kwanza, hata kama mteja anafoka na siku ya kazi inapotea. Hayo yote yana gharama, na ndiyo maana bei yetu ni kubwa kuliko ya mtu aliyekuja na panga na kamba ya katani.

Sasa mtu huyo wa panga akivaa fulana yenye jina langu, akatoza nusu ya bei yangu, kisha kijana wake akaanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika mgongo, polisi na wakaguzi watakuja mlangoni kwangu. Nitaanza kuthibitisha kwamba simjui. Kijana aliyelala Muhimbili naye atakuwa hana mwajiri wa kumdai, kwa sababu mwajiri aliyeandikwa kwenye fulana si mwajiri wake. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Jina bandia linampora mteja na mwenye jina, lakini anayeumia kuliko wote ni kibarua anayelifanyia kazi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliposogea pwani yetu na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari, mji mzima ulitaka miti yake ipunguzwe kwa wakati mmoja. Kipindi kama hicho mteja hapati muda wa kuchunguza. Anatazama picha, anasoma jina, anapiga simu. Hofu ya watu ikipanda, ndipo majina ya bandia yanapopata soko.

3. Kwa nini barua, na si kikao au polisi

Namrudia mzee wangu wa Tegeta. Kukaa ni kuzuri, na ningependa kila jambo liishe kwa kukaa. Lakini ukae na nani? Nyingi ya kurasa za mitandaoni zinazotumia jina letu hazina ofisi, hazina jina la mtu, zina namba ya simu tu. Nimepiga namba hizo. Nikijitambulisha, simu inakatwa, kisha nafungiwa. Mmoja alinijibu kwa ujumbe kwamba miti ni ya Mungu. Miti ni ya Mungu kweli. Nembo niliichora mimi.

Kuhusu polisi, sitaki kuanza na mlango huo. Kugombania jina la biashara kwa kawaida ni shauri la madai, na ukimkimbilia askari kwa jambo ambalo lingeisha kwa ujumbe wa maandishi unamjengea mwenzako kesi isiyomstahili.

Barua ya wakili imekaa katikati ya hayo mawili. Inamwambia mtu kwa maandishi, kwa tarehe inayojulikana, kosa analodaiwa kulifanya, inamwonyesha ushahidi na kumpa muda wa kujirekebisha au kujitetea kabla hajaitwa mahakamani. Si amri ya mahakama. Mtu akikwambia kwamba barua ya wakili peke yake inaweza kukufungia biashara au kukuchukulia msumeno, anakudanganya. Ni ya mtu binafsi, inasainiwa na wakili wake, na unaweza kuijibu kwa kusema: hapana, hukusema kweli, na ushahidi wangu ni huu.

Barua tunazotuma sisi zina kurasa mbili. Ya kwanza inaeleza sisi ni nani na haki tunayoidai ni ipi, pamoja na nakala ya cheti. Ya pili ina picha mbili sambamba: ya kwetu ya asili, na ya ukurasa wa mhusika ikionyesha tarehe. Chini yake yapo mambo matatu tunayotaka: ondoa picha, acha kutumia jina na nembo, tuandikie ahadi iliyosainiwa kwamba hutarudia. Muda ni siku 14. Barua ya kwanza haidai hata shilingi. Nilimwambia wakili wangu hivyo waziwazi, kwa sababu shida yangu ni jina, na barua inayoanza kwa kudai mamilioni humfanya mtu ajifiche badala ya kujibu.

Matokeo yake? Wengi walifuta kimyakimya ndani ya wiki, na mimi sikuwatafuta tena. Kijana mmoja wa Kimara alikuja ofisini na barua mkononi, ameikunja mara nne. Akasema picha alitumiwa na rafiki kwenye kundi la WhatsApp na hakujua ni za mtu. Tukaongea. Siku hizi tukipata mti mkubwa unaohitaji watu wawili wa kupanda, tunamwita, analipwa chake, na anapiga picha zake mwenyewe. Mzee wangu, kikao ulichokitaka kilifanyika. Kilichomleta kijana yule mezani ni barua.

Na ipo sababu nyingine ya kutokaa kimya. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii. Anayenyamaza akitazama jina lake likitumika mwaka hadi mwaka huja kuulizwa na jaji: ulipoona, ulimwambia? Mwenye barua iliyopokelewa kwa saini ana jibu.

4. Haki yenyewe inatoka wapi

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo, pamoja na wenye kampuni.

Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA kinaonyesha kwamba umesajili jina unalofanyia biashara. Hakikupi umiliki wa alama. Anayetaka umiliki huo anaomba usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Huduma zetu za miti, pamoja na za bustani na misitu, ziko daraja la 44. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na cheti cha Bara hakivuki maji: Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili, BPRA. Kampuni ya Dar inayomtishia mpogoaji wa Unguja kwa cheti cha BRELA pekee inadai kitu isichokuwa nacho.

Ambaye hajasajili alama hawezi kushtaki kwa kuingiliwa alama. Lakini hajaachwa mikono mitupu. Kanuni za mahakama za Uingereza tulizozirithi tangu ukoloni zinamkataza mtu kuuza kazi yake akijifanya ni ya mwingine. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1990. Kampuni ya Uingereza ilikuwa imeuza maji ya limau kwa miaka mingi ndani ya chupa ya plastiki ya njano yenye umbo la limau. Ikaja kampuni ya Marekani na chupa inayofanana nayo, lebo ikiwa na jina jingine. Bunge la Malodi, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati huo, likaamua kwamba lebo tofauti haikutosha, kwa kuwa mnunuzi dukani hasomi lebo, anachukua umbo analolijua. Mdai alitakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kazi yake ina sifa kwa watu, kwamba mshtakiwa amewapotosha watu hao, na kwamba yeye amepata hasara au yuko hatarini kuipata.

Yapimeni hayo matatu kwa mama wa Mbezi Beach. Alivutwa na sifa ya kazi ya Upanga. Alipotoshwa na nembo. Hasara ameibeba yeye na jirani yake, na lawama nimezipata mimi. Kubadilisha namba ya simu kwenye picha hakumtoi mtu kwenye kosa. Namba ile ndiyo inayoonyesha kwamba alijua anachofanya.

Picha nazo zina mwenyewe tangu zinapopigwa. Hakimiliki haihitaji cheti ndipo ianze. Kuiona picha kwenye kundi la WhatsApp hakukufanyi uwe na ruhusa ya kuitumia kuuza.

5. Mahali ambapo barua hugeuka kuwa uonevu

Naomba wenye kampuni kubwa msome hapa kwa makini, maana haya yanawahusu ninyi kuliko vijana wa vijiweni.

Nimeona barua, si moja, ambazo kampuni zetu zimewaandikia wakata miti wadogo kuwakataza kutumia maneno kama "huduma za miti", "kupogoa" au "tunza mti". Maneno hayo ni ya watu wote. Kijana aliyepigilia kibao kimeandikwa TUNAKATA MITI pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo hajaiba chochote cha mtu. (Namwomba tu asikipigilie misumari kwenye shina la mti hai.) Rangi ya kijani si ya mtu, na picha ya jani si ya mtu, mpaka iwe imechorwa kwa namna inayomtambulisha mmoja peke yake na wateja wanaitambua hivyo. Anayetumia barua ya wakili kumtisha mdogo aache maneno ya kazi yake anatumia woga wa mtu asiyekuwa na hela ya wakili. Huo ni uonevu, na nausema wazi ingawa wengine wenu ni marafiki zangu.

Huko Vermont, Marekani, bwana mmoja aitwaye Bo Muller-Moore alikuwa akichapa fulana za kuhimiza watu wale sukuma wiki zaidi. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya vyakula, Chick-fil-A, ikamwandikia aache, kwa madai kwamba maneno yake yanakaribiana na tangazo lao la kuhimiza watu wale kuku zaidi. Alikataa. Watu wa jimbo lake wakasimama naye, pamoja na gavana, na mwaka 2014 ofisi ya alama za biashara ya Marekani ikampa usajili wa maneno yake. Kampuni ilitumia jina lake kubwa na mawakili wake, ikaambulia lawama. Uingereza wao wamekwenda mbali zaidi: anayetishia kumshtaki mwenzake kwa alama ya biashara bila msingi anaweza kushtakiwa yeye kwa kutoa tishio hilo, na mwaka 2017 walitunga sheria mahususi ya kuliweka sawa jambo hili. Natamani na sisi tufike huko.

Kuna pia njia ya uungwana. Mwaka 2012 mwandishi Patrick Wensink wa Kentucky alitoa kitabu ambacho jalada lake lilifanana mno na lebo ya wiski ya Jack Daniel's. Mawakili wa kampuni wakamwandikia kwa adabu, wakaeleza kwa nini wanalazimika kulinda lebo yao, wakamwomba abadilishe jalada kitabu kitakapochapwa upya, na wakajitolea kuchangia gharama kama angekubali kubadilisha mapema. Kampuni ya ukubwa ule haikupungukiwa kitu kwa kuongea na mtu kama mtu. Ninyi wenye kampuni, mkimwandikia fundi wa kijiweni, mwandikieni kwa Kiswahili anachokielewa. Barua ya Kiingereza cha mahakamani kwa mtu aliyeishia darasa la saba haimpi nafasi ya kujibu, na msingi mzima wa barua hizi ni kumpa mtu nafasi ya kujibu.

6. Jihadharini na mawakili vishoka

Kwa ufupi. Wapo watu wanaouza barua za vitisho mitaani, wanagonga mhuri wa kughushi na kudai "faini" ilipwe kwa simu. Barua ya namna hiyo ikikufikia, usilipe. Angalia jina la aliyesaini kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama hayumo, huna cha kumjibu. Kama yumo, mpigie, na lolote utakalokubali liwe la maandishi. Barua yoyote inayosema "lipa leo, la sivyo tunakukamata" ina walakini, hata kama aliyeiandika ni wakili kweli.

7. Ninayoyaomba

Kwenu mnaotumia jina, nembo au picha za wenzenu, iwe zetu au za kampuni nyingine yoyote: ziondoeni kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ondoeni kwenye Instagram, Facebook, WhatsApp, vitabu vya risiti, fulana na bodi za bajaji. Atakayefanya hivyo, kwa upande wangu yameisha, simdai fidia wala maelezo. Asiyekuwa na picha zake aje tumpe nafasi ya kufanya kazi nasi kwenye mti mmoja, tumpige picha akiwa juu na mkanda wa usalama, na picha hizo ziwe zake.

Kwenu mliokwisha kupokea barua: msizichane. Jibuni, hata kwa mistari mitatu ya mkono. Kama tumekosea mtu, semeni, na leteni ushahidi. Nikiridhika kwamba barua ilikwenda kwa asiyehusika, nitaiondoa kwa barua nyingine yenye saini ile ile ya wakili, na nakala mtapewa mkawaonyeshe wateja wenu.

Kwenu wenye kampuni: kabla hamjatuma barua, hakikisheni mna haki mnayoidai, kwa mahali mnapoidai. Msikataze maneno ya wote. Anzeni kwa kutaka kosa liachwe, fidia ije baadaye kama italazimu. Na barua mlizokwisha kuwaandikia vijana kwa sababu ya maneno "huduma za miti", ziondoeni kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo hiyo.

Kwenu wateja, ingawa barua hii haikuanza kwa kuwaita: kabla mtu hajapanda mti wako, piga namba iliyo kwenye ukurasa rasmi wa kampuni uulize kama ni watu wao. Dai risiti ya EFD. Uliza kama vijana wamesajiliwa WCF. Anayekataa kujibu maswali hayo usimruhusu juu ya paa lako, hata akiwa wa bei rahisi kuliko wote.

Na kwako mzee wangu wa Tegeta: nitakuja. Nakuomba unikutanishe na vijana wa kijiwe chako na cha Boko, nije na nakala za barua zetu, wazisome, waulize wanachotaka. Ukipanga siku, mimi nipo.

Mwisho wa mwezi ujao ukipita, atakayekuwa bado anatumia jina letu au picha zetu ataletewa barua kwa mkono, mahali alipo. Siku 14 zikiisha bila jibu, shauri litafunguliwa mahakamani.

Wenu katika kazi,

Mmiliki wa kampuni ya kutunza miti,
Dar es Salaam